Jaipur kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kuzunguka Mahekalu na Makasri ya Mji wa Kale kwa Siku Moja

Malalamiko ninayoletewa kuhusu Jaipur, India, yanafanana mno. "Tulifika hekaluni tukakuta pazia limefungwa." "Tulizunguka kasri la Hawa Mahal nusu saa hatukuona mlango." "Dereva wa bajaji alituambia kasri halifunguliwi leo, akatupeleka kwenye duka la vito." Wanaoniambia haya ni wanafunzi wetu walioko vyuo vya India, na ndugu waliosindikiza mgonjwa Delhi wakapata siku mbili tatu za kupumua.

Karibu wote walikosea jambo moja: mpangilio. Walianza na kasri, wakaacha hekalu "la baadaye." Jaipur haiendi hivyo. Mji wa kale unafuata pazia la hekaluni na jua la angani, na vyote viwili vina saa zake. Ukizifuata, utaona kila kitu bila kukimbia.

Historia ndefu utaikuta kwenye vibao vya huko. Hapa tunatembea.

## Kwanza, sahihisha saa yako

Saa zote humu nimeziandika kwa Kiswahili: saa tatu asubuhi ni ile ambayo kibao cha India kitaandika 9:00 AM. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wazima wakisoma "7:30" ubaoni, wakaichukua kichwani kama saa saba na nusu mchana, wakaenda kulala hotelini. Kama umetua kutoka Dar es Salaam au Nairobi, ongeza saa mbili na nusu kwenye saa ya mkononi.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na njia hii nzima itakushinda kabla ya saa sita.

## Vitu vya kubeba

Soksi nene za pamba na viatu vya kuvua upesi. Utavua viatu mara mbili au tatu. Asubuhi sakafu ya marumaru ni baridi kama barafu mwezi wa Januari. Mchana wa Aprili inaunguza. Soksi zinakuokoa pande zote mbili.

Kanga au shuka jepesi. Mabega na magoti yafunikwe hekaluni, wanaume kwa wanawake. Kanga moja inafunika kichwa, inakinga jua, na inatandikwa chini ukichoka. Mkanda na pochi ya ngozi viache hotelini, maana ngozi haipendwi katika mahekalu mengi.

Noti ndogo za rupia: za 10, 20 na 50. Wenyeji hulipana kwa simu hata kwa kikombe cha chai, kama sisi na M-Pesa. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya India anahitaji fedha taslimu, na muuza chai hana chenji ya 500.

Pasipoti au nakala yake, na kitambulisho cha mwanafunzi kama unacho. Bei ya mgeni ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji. Majengo ya serikali yana punguzo kwa wanafunzi wa kigeni, lakini bila kadi mkononi hulipati, hata ungejieleza namna gani.

Maji ya chupa, kofia, na kalamu nyembamba. Kalamu utaiona kazi yake Hatua ya 5.

Kuhusu tiketi: iko tiketi ya pamoja ya majengo ya serikali, inayotumika siku mbili. Inaingiza Hawa Mahal, Jantar Mantar (uwanja wa vipimo vya jua na nyota) na pia ngome ya Amber iliyo nje ya mji. Haiingizi City Palace, kwa kuwa kasri hilo ni mali ya familia ya kifalme na lina tiketi yake. Hapo ndipo wengi hugombana na mlinzi bure.

## Hatua ya 1: Shuka Badi Chaupar, saa moja kamili asubuhi

Panda metro ya Pink Line, hata kama unatokea stesheni ya treni, ushuke mwisho wa njia, Badi Chaupar. Tangu Septemba 2020 metro inafika hadi hapa chini ya mji wa kale, kwa hiyo bajaji huihitaji. Sababu si nauli peke yake. Ukitokea ardhini mwenyewe, hakuna dereva wa kukuambia "leo pamefungwa."

Ukitoka utaona njia panda kubwa, njiwa kwa mamia, na wauza maua wamekaa chini na vikapu vya maua ya njano na ya machungwa. Tulia dakika tano. Mji huu ulipimwa kwa kamba mwaka 1727 na barabara zake zikakatwa moja kwa moja, kwa hiyo ukishajua kaskazini iko wapi huwezi kupotea. Kaskazini ni ile barabara yenye Hawa Mahal upande wa kushoto.

Tahadhari: magari yanapita kushoto kama kwetu, lakini pikipiki hupita popote. Vuka pamoja na wenyeji, ukiwaweka wao upande magari yanakotokea.

Umefanikiwa ikiwa: umesimama kwenye njia panda, maduka yote bado yamefungwa, na unajua kaskazini.

## Hatua ya 2: Uso wa Hawa Mahal, bila kuingia

Tembea kaskazini kama dakika mbili tatu. Kushoto kwako litasimama jengo la ghorofa tano lenye madirisha madogo 953, lililojengwa mwaka 1799 ili wanawake wa kasri watazame barabara bila wao kuonekana.

Uso huu unatazama mashariki. Asubuhi jua linaupiga moja kwa moja, na ile rangi inayoitwa ya waridi, ambayo kwa jicho langu ni ya udongo wa kuchoma, inawaka. Ikishafika saa sita uso uko kivulini na picha inakuwa ya kijivu. Ndiyo maana tunaanza nje, na ndani tunarudi mchana.

Vuka upande wa pili wa barabara, upige picha, uendelee. Usitafute mlango hapa mbele. Haupo.

Umefanikiwa ikiwa: una picha yenye jua, na hujatumia zaidi ya dakika 15.

## Hatua ya 3: Govind Dev Ji, kabla pazia halijafungwa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Katika hekalu la Govind Dev Ji, mungu Krishna wa Wahindu hatazamwi kama sanamu tu. Ni mwenye nyumba. Anaamshwa, anavishwa, analishwa, anapumzika, analala. Kila tendo lina darshani yake, yaani muda wa waumini kumtazama naye awatazame. Kwa siku ziko saba: Mangala kabla ya kupambazuka, kisha Dhoop, Shringar na Rajbhog asubuhi, Gwal, Sandhya na Shayan jioni. Katikati ya hizo pazia linashushwa. Na baada ya Rajbhog, karibu na adhuhuri, linabaki chini hadi jioni.

Nilimleta hapa mama yangu mdogo siku moja saa saba mchana. Alikuwa amesikia habari za hekalu hili kwa jirani yake Mhindi tangu angali msichana. Tulikaa kwenye sakafu tukitazama kitambaa hadi tukaondoka, na kesho yake alikuwa na ndege. Tangu siku hiyo sianzi popote pengine.

Darshani inayomfaa mtembeaji ni Dhoop, ambayo kwa kawaida huanza karibu na saa moja na nusu na kuendelea zaidi ya saa moja. Nyakati husogezwa kufuata majira na sikukuu, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari muulize mtu wa mapokezi hotelini ratiba ya siku hiyo.

Njia: kutoka Hawa Mahal endelea kaskazini hadi lango kubwa la kushoto, Sireh Deori. Pita ndani, utatokea uwanja mpana wa Jaleb Chowk. Uvuke kuelekea magharibi, ukifuata watu wenye vikapu vya maua. Hekalu liko ndani ya bustani za kasri, likitazamana na jumba la Chandra Mahal, ili mfalme aweze kumwona Krishna akiwa kwake. Usitafute mnara juu yake. Linafanana na ukumbi wa wazi wenye nguzo.

Viatu mpe mtunza viatu, upokee kibao cha namba. Simu itie mfukoni. Sanamu haipigwi picha. Kisha simama pembeni, nyuma ya wanawake wanaoimba, usisukume. Si lazima ufanye ibada. Unachodaiwa ni utulivu.

Pazia likivutwa utajua hata ukiwa umefumba macho. Ukumbi mzima unapiga kelele moja, mikono inapanda juu, na bibi vizee waliokuwa wameegemea nguzo wanasimama kwa vidole vya miguu. Kule mbele kuna uso mdogo mweusi wenye macho makubwa, ndani ya nguo za rangi ambayo kesho haitakuwa ile ile. Ukipewa ladu au maua, pokea kwa mkono wa kulia. Hilo kwetu pwani halihitaji maelezo.

Tahadhari: mtu akikuvuta kando akutajie mamia ya rupia kwa "maombi maalumu," shukuru, uende zako. Sadaka iko kwenye sanduku, na ni ya hiari.

Umefanikiwa ikiwa: uliona pazia likiwa wazi. Hata mengine yote yakikushinda leo, safari imelipa.

## Hatua ya 4: Chai, halafu Kalki na farasi wake

Rudi barabarani kupitia Sireh Deori. Kunywa chai na kachori ya moto. Utakuta ile ya Jaipur ni mduara uliotunishwa kama mpira, ndani kuna dengu au vitunguu, ya kwetu ikiwa ndugu yake mdogo.

Ng'ambo ya barabara, upande wa mashariki, panda ngazi za hekalu la Kalki. Watalii hulipita bila kujua lipo, kwa kuwa liko juu ya maduka. Sawai Jai Singh II, mwanzilishi wa mji, alilijenga kwa ajili ya Kalki, umbo la mungu Vishnu ambalo halijaja bado, na ambalo litakuja na farasi mweupe. Farasi mwenyewe amesimama uani ndani ya kibanda, amechongwa kwa marumaru. Tazama mguu wake wa nyuma: una kijitundu. Wenyeji husema ni jeraha linalojifunga polepole, na siku litakapofungika kabisa Kalki atafika. Mimi huinama kulitazama kila nikija.

Dakika 20 zinatosha. Ukikuta limefungwa, usisubiri.

## Hatua ya 5: City Palace na Jantar Mantar, kwa kufuata kivuli

City Palace hufunguliwa saa tatu na nusu. Ingia mapema, makundi ya mabasi hayajafika. Rudi Jaleb Chowk, safari hii ukielekea kusini, vibao vipo.

Kama unataka mwongoza watalii, hapa ndipo mahali pake. Dai kuona kitambulisho chake cha serikali, mpatane bei kabla ya kuingia, na umwambie waziwazi: "Bila maduka." Akinuna, tafuta mwingine.

Ndani usijaribu kuona kila kabati. Yako mambo matatu ambayo mimi nisingeyaacha.

La kwanza ni mitungi miwili ya fedha katika ukumbi wa wazi wenye kuta nyekundu. Kila mmoja una uzito wa kilo 345. Mwaka 1902 mfalme wa Jaipur, Madho Singh II, alialikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa Edward VII, na kwa imani yake hakutaka kunywa maji ya ugenini, basi akasafiri na maji ya mto Ganga ndani ya mitungi hiyo. Simama karibu: utajiona mzima kwenye tumbo la mtungi, umepinda kama kwenye kijiko.

La pili ni uwanja mdogo wa Pritam Niwas na milango yake minne ya majira. Wa tausi ndio kila mtu anaupiga picha, na kweli ndege wale wametokeza ukutani kama wanataka kutoka. Lakini upe kila mlango dakika zake. Wa waridi na wa mayungiyungi una kazi ya mkono isiyopungua.

La tatu liko juu ya paa la Chandra Mahal: bendera. Mkuu wa familia ya kifalme akiwepo nyumbani zinapepea mbili, moja nzima na moja ya robo. Cheo cha *Sawai* maana yake ni moja na robo, mtu aliyezidi wenzake kwa robo. Kumbuka bendera hizi, tutazirudia.

Toka kasri kama saa tano na nusu, uingie Jantar Mantar jirani. Watu wengi huona hapa "ngazi zisizokwenda popote," wakatoka baada ya dakika kumi. Wamefika saa mbaya au siku ya mawingu. Hivi ni vipimo vya jua na nyota, na bila kivuli havisemi neno.

Nenda moja kwa moja kwenye Samrat Yantra, ngazi kubwa ya mita 27. Ukingo wake umeinama kwa nyuzi 27, sawa na latitudo ya Jaipur, kwa hiyo unaelekea kwenye ncha ya kaskazini ya anga. Kivuli chake huanguka juu ya upinde wa marumaru wenye mistari ya saa. Asubuhi kiko upinde wa magharibi, alasiri wa mashariki.

Sasa toa kalamu. Isimamishe hewani karibu na ukingo wa kivuli bila kugusa jiwe, na uweke jicho kwenye mstari mmoja. Kivuli kinakwenda milimita moja kwa sekunde, yaani sentimita sita kwa dakika, upana wa vidole vitatu. Utaona dunia ikizunguka. Sijui sehemu nyingine ambapo jambo hilo huonekana kwa macho matupu namna hii.

Usishangae kipimo kikitofautiana na saa yako. Saa rasmi ya India inafuata mstari ulio mashariki ya Jaipur, hivyo adhuhuri ya kweli hapa hufika kati ya saa sita na dakika kumi na saa sita na dakika arobaini, kutegemea mwezi. Ukiweza, uwepo wakati huo: kivuli kinauacha upinde mmoja, kinatoweka, halafu kinaanza kupanda mwingine.

Tahadhari: usipande wala kukalia vipimo. Na kama ni Aprili kwenda mbele, geuza: Jantar Mantar saa tatu asubuhi, kasri baadaye penye vivuli vya kuta.

Umefanikiwa ikiwa: umekiona kivuli kikisogea.

## Hatua ya 6: Mlango wa Hawa Mahal

Mlango uko nyuma. Kutoka Jantar Mantar ni mwendo mfupi, fuata vibao. Anayetokea Badi Chaupar aingie Tripolia Bazaar kuelekea magharibi, kisha kulia kwenye tao la kwanza.

Kupanda si kazi ngumu kwa kuwa sehemu kubwa ni mteremko laini badala ya ngazi. Ghorofa tatu za juu zina upana wa chumba kimoja tu, na vijia ni vyembamba, kwa hiyo begi livae mbele. Ukifika dirishani, inama. Vijitundu viliwekwa kwa kimo cha mtu aliyeketi. Tazama barabara uliyosimama asubuhi: unawaona wote, na hakuna anayekuona. Upepo unapita hapo hata siku ya joto, na ndio uliolipa jengo jina lake, Kasri la Upepo.

Tahadhari: nyani wapo juu ya paa. Usishike ndizi wala biskuti mkononi.

## Hatua ya 7: Tripolia, bangili na mnara

Kula kwanza, upumzike hadi kama saa tisa. Kisha shika Tripolia Bazaar kuelekea magharibi. Utapita lango lenye matao matatu, Tripolia lenyewe. Usijaribu kuingia, ni la familia ya kifalme, na la maandamano ya sikukuu za Teej na Gangaur.

Ng'ambo yake, upande wa kusini, kuna uchochoro unaoitwa Maniharon ka Rasta. Hapa bangili hutengenezwa kwa lakiri, ile ile tuliyokuwa tukipigia muhuri bahasha. Keti kwenye duka moja, uombe utengenezewe yako. Fundi anazungusha donge la lakiri juu ya makaa hadi linalainika kama ugali wa moto, analivuta kuwa kamba, analibana na kipande cha mbao, analifunga kwenye gogo la mviringo lenye kipimo cha mkono wako. Dakika chache tu. Subiri ipoe kabla ya kuvaa, na usiisahau kwenye dashibodi ya gari juani: italegea.

Bangili nunua. Vito vya thamani, kama huvijui, acha. Na yeyote atakayekuomba umbebee vito ukauze kwenu kwa faida kubwa, hata awe amekunywesha chai siku tatu na kukuita kaka, ondoka hapo hapo. Wageni wamepoteza maelfu ya dola Jaipur kwa ombi hilo moja.

Malizia na Isarlat, mnara wa ghorofa saba ulio karibu na Tripolia. Muulize muuza bangili akuoneshe kichochoro cha kuingilia, maana kimejificha. Njia ya juu inazunguka kama ganda la konokono na ni ya giza kidogo, hivyo mwenye magoti mabovu abaki chini na chai yake.

Juu, geukia mashariki, kisha ugeuke polepole kuelekea kaskazini. Hawa Mahal, ile iliyokuwa ukuta mkubwa asubuhi, sasa unaiona kwa mgongo, nyembamba kama pazia. Karibu nayo ni ngazi ya Samrat, halafu paa jeupe la Chandra Mahal. Tafuta bendera. Ikiwa ni mbili, nzima na ya robo, mwenyewe yupo.

Ukishuka, tembea magharibi hadi metro ya Choti Chaupar. Kama miguu bado inakubali, kabla ya kupanda angalia saa: Sandhya huwa karibu na saa moja jioni, na pazia la Govind Dev Ji litafunguliwa tena.